Uza Mafuta, Rudisha Kilichobaki: Mwongozo Kamili wa Michikichi Isiyotupa Kitu

Mashazi ya kwanza ya michikichi, yaani mikungu ya matunda yake, niliyokamua nyumbani kwetu Nambale, magharibi mwa Kenya, niliyachoma. Matunda yalikuwa yameshapukuchuliwa. Nilichochoma ni yale mafumba ya miiba yanayobaki, kwa sababu yalikuwa yameziba njia na sikujua pa kuyapeleka. Moshi ulilala juu ya barabara ya sokoni siku mbili. Watu wa bodaboda walinitukana kwa Kikhayo, kwa Kiteso na kwa Kiswahili, kisha mvua ya Aprili ikaja ikasomba majivu yote hadi mtaroni. Baadaye makuti ya chini yakaanza kutoka madoa ya rangi ya chungwa. Nikaambiwa hiyo ni njaa ya potasi, nikaenda dukani kununua mfuko wa kitu kile kile nilichokuwa nimekiachia mtaro.

Mchikichi una hesabu moja ya ajabu, na kila hatua iliyo hapa chini inatokana nayo. Mafuta ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, basi. Kaboni na oksijeni mti umezivuta hewani, haidrojeni umeipata majini. Humo hamna nitrojeni ya kutajika, hamna potasi, hamna magnesiamu. Kwa hiyo anayeuza mafuta peke yake ameuza jua na mvua, na udongo wake haujapungukiwa. Kinachofilisi shamba ni kile kinachotoka pamoja na mafuta halafu kikatupwa. Kila tani ya mashazi mabichi inayotoka shambani hubeba takriban kilo 3 za nitrojeni, nusu kilo ya fosforasi, karibu kilo 4 za potasi na kilo kasorobo hivi ya magnesiamu. Nasi huku tumezoea mbolea za DAP na CAN za mahindi, na katika mifuko hiyo miwili hamna potasi hata chembe.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya huku kwetu hasa. Mchikichi ni mtoto wa Afrika Magharibi, anapenda mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka iliyogawanyika vizuri. Chotara wa Tenera walioletwa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa juhudi za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na watafiti wa kilimo waliokuwa wakiitwa KARI na leo ni KALRO, wanavumilia, lakini kuvumilia si kustarehe. Busia jua la Desemba hadi Februari halina mzaha. Mchikichi ukipata kiu hutoa maua ya kiume mengi na ya kike machache, na hasara hiyo huioni leo: unaiona mwaka mmoja na nusu, hata miwili baadaye, ukipita chini ya miti na huoni shazi. Matandazo yanayotunza unyevu miezi hiyo mitatu yanalipa kuliko dawa yoyote utakayouziwa. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia hurudisha mabaki ili kupunguza gharama za mbolea. Sisi tunayarudisha ili tupate mavuno kabisa.

Anza kwa mizani

Kabla ya kuchimba shimo lolote, azima mizani ya mahindi na upime kazi ya siku moja ya kukamua. Pima mashazi yakiingia, pima mafuta yakitoka, na kila rundo katikati yake. Kwenye viwanda vikubwa tani moja ya mashazi ya Tenera hutoa kama kilo 200 za mafuta, kilo 220 hadi 230 za mashazi matupu (yale mafumba niliyoyachoma), kilo 130 na ushee za nyuzi, kilo 50 hadi 70 za maganda magumu ya kokwa, na kilo 50 hivi za mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa kama wanavyokiita wenzetu wa Kigoma. Juu ya hayo yote kuna maji machafu kilo 600 hadi 700.

Kinu chako kidogo hakitakupa kilo 200. Ukipata 100 hadi 150 shukuru, kisha uulize zilizobaki ziko wapi. Ziko ndani ya nyuzi na ndani ya maji machafu. Usisahau jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye shimo la mafuta.

Tani moja ya mashazi matupu ina potasi inayokaribia ile ya kilo 17 hadi 19 za MOP, mbolea ya potasi ya dukani. Uliza bei ya MOP mjini Busia au Bungoma halafu uliangalie tena rundo lako.

Makuti: kazi isiyohitaji pesa

Mchikichi uliokomaa huangusha makuti kama 24 kwa mwaka, mawili kila mwezi. Wengi wetu huyakokota nje ya shamba ili "pawe safi", au huwapa watoto wakajengee uzio wa kuku. Usafi huo unakugharimu. Yaache humo humo. Panga makuti katika mstari mmoja wa katikati na uache mstari unaofuata wazi kwa kupita na toroli. Kama shamba lina mteremko, kama yalivyo mengi upande wa Butere na Khwisero, yalaze kukingama mteremko ili yazuie maji yanayokimbia na udongo wake. Kata vikonyo vyenye miiba vipande viwili, la sivyo mvunaji atakuchukia.

Jihadhari na kitu kimoja: usipogoe kupita kiasi. Mti mkubwa unahitaji kubaki na makuti 32 hadi 40, na kila shazi liwe na kuti moja au mawili chini yake. Nimeona shamba la jirani lililonyolewa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, likabaki na vichwa vya miti kama fagio. Alikuwa amewalipa vijana kwa idadi ya makuti.

Miti ikiwa bado midogo, miaka mitatu au minne ya mwanzo, nafasi ya mita 9 kati ya mti na mti ni kubwa mno kuachwa tupu. Ekari moja huingia miti 57 hivi. Panda maharagwe, njugu, soya, viazi vitamu. Mabua na maganda yake yabaki pale pale. Mahindi pia yanawezekana mwaka wa kwanza, ila yasikaribie shina la mchikichi chini ya mita moja na nusu.

Mashazi matupu: tandaza, usirundike

Nilipoacha kuchoma, nilifanya kosa la pili. Niliyarundika pembeni mwa shamba, rundo refu kuliko mimi, nikijisifu kuwa natengeneza mbolea. Baada ya miezi michache nilipochimba ndani nikakuta mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja kama herufi C. Ni watoto wa mbawakawa mwenye pembe, yule ambaye watu wa Pwani humwita chonga na wanamjua kwa kuua minazi. Anapenda kutaga kwenye marundo ya aina hiyo hiyo yanayooza, halafu akikua huenda kutoboa kichwa cha mchikichi wako. Nilikuwa nimemjengea hospitali ya wazazi. Kuku walishiba siku hiyo, lakini miti minne michanga haikupona.

Kanuni ni tabaka moja. Beba mashazi matupu kwa toroli siku ile ile ya kukamua au kesho yake, uyapange ubavu kwa ubavu, yasipandane. Kwa mti mchanga tengeneza duara, ukiacha nafasi ya futi moja toka kwenye shina. Kwa miti mikubwa weka katikati ya miti, pale mizizi ya kulisha ilipo, siyo kwenye shina. Viwandani hutumia tani 30 hadi 40 kwa hekta moja kwa mwaka. Wewe hutafika huko, kwa hiyo chagua mistari ya kupewa mwaka huu na mingine mwakani. Mimi huanza na udongo wa kichanga na sehemu za juu za mteremko, ambako ukame huuma kwanza. Mvua inapopita juu ya mashazi hayo huondoka na potasi kidogo kidogo ikiiteremsha udongoni, na ndani ya mwaka mmoja hivi shazi limekwisha, limebaki unga mweusi unaonukia msitu.

Njia ya pili ni kuoza kwa mpango, na inafaa kama kinu kiko mbali na shamba au unataka mbolea ya mboga. Kata mashazi vipande kwa panga (kazi ngumu, nakuambia mapema, panga linagoma kama linakata sponji ya nyaya). Changanya na kinyesi cha kuku au cha ng'ombe, kwa sababu mashazi peke yake yana kaboni nyingi na nitrojeni haba, na rundo litakaa mwaka bila kupata moto. Lowesha kwa maji machafu ya kinu yaliyopoa. Geuza kila wiki. Kugeuza ndiko kunakoua mayai na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo wiki usiyogeuza ndiyo wiki unayomkaribisha. Miezi miwili hadi mitatu na mbolea iko tayari.

Na kama ni lazima uchome, basi choma ndani ya jiko la kuchemshia matunda na ukusanye majivu. Majivu ya mashazi ni potasi tupu kwa jinsi ya kusema, na udongo wetu wenye asidi unayapokea kwa furaha. Yaweke kwenye gunia la plastiki lililofungwa, maana hunyonya unyevu wa hewa yakawa tope. Usiyachanganye na CAN wala mkojo wa ng'ombe: nitrojeni hupaa hewani kama amonia, na pua itakuambia.

Moto wa kinu

Kuchemsha matunda na kusafisha mafuta kunakula kuni vibaya sana. Huku kwetu kuni ni mikaratusi au, tusidanganyane, ni miti iliyoibwa mahali. Lakini kinu kina kuni zake chenyewe. Nyuzi zinazotoka kwenye skrubu ya kukamulia zina mafuta ndani, zinawaka kwa hamaki. Zifikiche mikononi zikiwa na joto zisikauke kama mikate, zitandaze juani siku mbili, na zihifadhi mahali pakavu. Maganda magumu ya kokwa yana joto zaidi na yanadumu kama makaa. Changanya: nyuzi za kuwashia na kupandisha moto, maganda ya kushikilia. Maganda peke yake huacha masizi magumu yanayogandamana kwenye chuma cha jiko, na moshi wake wa mwanzo ni mweusi mpaka hewa ipite vizuri. Jiko la udongo lenye wavu chini na bomba la moshi linatosha. Lile la mafiga matatu linapoteza zaidi ya nusu ya joto lako.

Nikitumia nyuzi na maganda ya kazi ya jana kuchemsha kazi ya leo, sinunui kuni kabisa isipokuwa juma la kwanza la msimu. Maganda ya ziada yanauzika kwa wenye majiko ya matofali na kwa wafua vyuma. Ukitaka kuyageuza makaa, shimo lenye umbo la koni na maji ya kuzimia yanatosha, ila mimi sioni faida yake kama bado unanunua kuni.

Jambo la ubora lipite hapa hapa, kwa sababu linahusu uharibifu pia. Shazi likishakatwa na kuchubuka, asidi huanza kupanda ndani ya saa chache. Peleka motoni ndani ya saa 24. Wengi hungoja siku tatu ili matunda yapukutike yenyewe, halafu mafuta yanakereketa kooni na mnunuzi anashusha bei. Mafuta mabaya nayo ni taka, tena taka ghali kuliko zote.

Mise na mashudu

Hapa wengi huishia njiani. Kokwa hutupwa, au watoto hupasua chache kwa jiwe. Kama kikundi chenu kina watu kumi na kuendelea, mashine ya kupasua kokwa inaweza kujilipa. Kama uko peke yako, uza kokwa kavu kwa mwenye mashine na umwambie akurudishie mashudu.

Kazi tamu ni kutenganisha mise na maganda baada ya kupasua. Kuchambua kwa mkono ni adhabu. Nusu pipa la maji na udongo wa mfinyanzi vinafanya kazi hiyo kwa dakika chache. Koroga udongo laini usio na mchanga ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukitupia mise chache na maganda machache kama majaribio. Mwanzoni vyote vinazama. Kadiri maji yanavyonenepa, inafika wakati mise zinapanda juu zenyewe na maganda yanabaki chini. Siri ni uzito: mise ni nyepesi kidogo kuliko tope hilo, ganda ni zito kidogo. Mara ya kwanza nilipoona, nilimwita mke wangu aje aone kama mtoto aliyeokota pesa. Chota mise kwa kichujio, zisuuze kwa maji safi, zianike hadi zilie zikitikiswa. Tope ni lile lile la kesho.

Mise kavu ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, mafuta meupe yanayoganda, mazuri sana kwa sabuni yenye povu. Kinachobaki baada ya kuikamua ni mashudu yenye protini asilimia 14 hadi 18. Ng'ombe wa maziwa anaweza kupewa kilo moja hadi mbili kwa siku, akizoeshwa polepole kwa wiki mbili, maana mwanzoni atasusa: hayana utamu na yanakwaruza. Kuku wape kidogo tu, kwa sababu nyuzinyuzi ni nyingi na vipande vya maganda vilivyosalia huwadhuru. Yakiwa na ukungu, yapeleke kwenye mbolea. Usimpe mnyama chakula chenye ukungu hata kama kinauma kukitupa, sumu yake hutoka hata kwenye maziwa.

Maji machafu: hapa ndipo penye kesi

Nikwambie ilivyotokea. Mwaka wa pili nilielekeza maji ya kusafishia mafuta kwenye mfereji wa nyuma ya kinu. Yalikuwa ya kahawia, yanatoa mvuke, yananuka kama machicha ya busaa ya juzi. Niliyaona ni maji ya matunda tu, hayana kemikali, yatadhuru nini? Chini yangu anakaa mama mmoja mwenye kidimbwi cha perege. Siku ya tatu alikuja mpaka langoni, hakuingia. "Baba, maji yako yamefika kwangu," akasema, na kunionyesha ndoo ya samaki waliofungua midomo.

Samaki hawakufa kwa sumu, walikosa hewa. Vijidudu vinavyokula mabaki ya mafuta na sukari ya matunda hunyonya oksijeni yote majini. Kipimo cha njaa hiyo ya oksijeni kwa maji ya viwanda vya mawese ni kama miligramu 25,000 kwa lita. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziliruhusu 30 tu kumwagwa kwenye mazingira. Gawanya mwenyewe: zaidi ya mara 800. Na mfereji wangu unaishia Mto Sio, Mto Sio unaishia Ziwa Victoria, ambako gugu maji linasubiri chakula kama hicho.

Nilimlipa mama yule samaki wake, kisha nikajenga mfumo ninaoueleza hapa. Si wa kifahari.

Kwanza, punguza maji yenyewe. Usifue nyuzi kwa ndoo za maji kutafuta tone la mwisho; zichemshe tena zile zilizokamuliwa vibaya na uzipitishe kwenye skrubu mara ya pili. Maji ya pipa la kusafishia, yale ya katikati yaliyo na joto na mwanga kidogo, yanaweza kutumika tena kuanzia pipa linalofuata siku hiyo hiyo.

Pili, shimo la kutega mafuta. Chimba mtaro wenye vyumba vitatu, ujengwe kwa matofali na kusiribwa kwa saruji; wangu kila chumba ni kama mita moja kila upande. Kuta za kati ziwe na upenyo chini, si juu. Mafuta huelea na kubaki nyuma ya ukuta, maji hupita chini yake kwenda chumba cha pili, kisha cha tatu. Funika kwa mbao ili mvua isiingie na mtoto asitumbukie. Kila baada ya siku ya kukamua, chota tabaka la juu la rangi ya chungwa kwa sufuria bapa. Wiki ya kwanza nilitoa debe na robo. Debe na robo za mafuta niliyokuwa nikimwagia samaki wa watu!

Mafuta hayo si ya kula. Hata yakichemshwa, hata yakionekana mekundu na mazuri, usimuuzie mtu ayapikie. Kazi yake ni sabuni.

Tatu, yaache maji ya chumba cha tatu yapoe kabla ya kuyaingiza kwenye mtambo wa bayogesi, yaani tangi la kuozesha linalotoa gesi ya kupikia. Yakitoka pipani yana nyuzi joto 80 na zaidi, na hakuna kiumbe cha mtambo wa bayogesi kitakachostahimili. Najua kwa sababu nilishayamwaga yakiwa moto. Gesi ilikata wiki tatu, ikabaki harufu ya siki. Mambo mawili huua mtambo: joto hilo, na asidi. Maji ya mawese yana pH ya 4 hadi 5, na vijidudu vinavyotengeneza gesi vinataka karibu 7. Kwa hiyo anzisha mtambo kwa kinyesi cha ng'ombe na maji, nusu kwa nusu, hadi gesi iwake kwa mwali wa bluu. Hapo ndipo uanze kubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kwa maji ya kinu yaliyopoa na kuondolewa mafuta. Wiki inayofuata ongeza sehemu nyingine. Nunua karatasi za kupimia asidi kwenye duka la kemikali, ni rahisi. pH ikishuka chini ya 6.5, simamisha maji ya kinu, rudi kwenye kinyesi, tia majivu kiasi. Usione aibu kurudi nyuma.

Mtambo ukizoea, utafurahi. Viwandani kila mita moja ya ujazo ya maji haya hutoa karibu mita za ujazo 28 za gesi. Wa nyumbani hautafikia hapo, lakini chai ya asubuhi na maharagwe ya jioni havitakosa moto siku za msimu. Tahadhari: kukamua ni kwa msimu, ng'ombe ni wa kila siku. Mtambo ujengwe kwa kipimo cha ng'ombe, maji ya kinu yawe kitoweo.

Nne, tope linalotoka upande wa pili bado si maji safi ya kumwaga mtoni. Ni mbolea. Chimba mitaro kukingama mteremko, panda migomba na nepia kando yake, na ulipeleke tope huko kwa zamu, mtaro mmoja ukipumzika. Acha umbali wa mita 30 na zaidi toka kisima au kijito. Asiye na mtambo wa bayogesi anaweza kutoa maji toka shimo la mafuta hadi kwenye mbolea ya mashazi matupu, ambayo ina kiu muda wote.

Sabuni ya mafuta ya shimoni

Chemsha mafuta uliyochota pamoja na maji ya kiasi hicho hicho, ukitia konzi mbili za chumvi, yaache yalale usiku. Asubuhi toa mafuta ya juu, acha uchafu na maji chini. Rudia mara mbili kama bado yana harufu.

Pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa kikombe. Kwa kila kilo moja ya mafuta ya mawese unahitaji gramu 134 za kostiki soda na gramu 330 za maji. Kipimo hicho huacha mafuta kidogo yasiyogeuka, ili sabuni isichune mikono. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje, watoto wawe mbali. Mimina soda ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya soda, italipuka usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini italiwa na itatoa gesi hatari.

Mchanganyiko utapata joto wenyewe. Ungoje upoe, na mafuta yawe ya uvuguvugu, karibu nyuzi joto 45. Mimina soda kwenye mafuta taratibu huku ukikoroga upande mmoja. Mafuta ya shimoni yana asidi nyingi, kwa hiyo yanaganda haraka kuliko uliyozoea. Mara yakifanana na uji unaoacha alama ya mwiko, mimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Kata kesho yake au keshokutwa. Panga vipande vyenye nafasi kati yake, vikae wiki nne kabla ya kuuza. Sabuni ya siku tatu huchoma ngozi, na mteja aliyechomwa harudi.

Kama unayo mafuta ya mise, badilisha robo ya mawese nayo upate povu. Soda nayo itapanda kidogo, kwa hiyo tafuta kipimo chake kwanza. Rangi itakuwa ya chungwa bila kutiwa kitu, na hiyo inauza sokoni Nambale kuliko maelezo yoyote.

Karatasi

Kinu cha kikundi kinahitaji kuzungumza na ofisi ya NEMA ya kaunti kabla ya kujengwa, siyo baada ya jirani kulalamika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea mzalishaji jukumu la kutenganisha taka zake, na ukiwaonyesha mchoro wa shimo la mafuta na mitaro ya migomba mazungumzo huwa mafupi. Mnunuzi mkubwa anaweza kukuuliza kuhusu RSPO, mfumo wa vyeti vya mawese endelevu ulioanzishwa 2004, wenye kiwango cha wakulima wadogo tangu 2019. Usikimbilie cheti kabla ya kuwa na daftari. Wala usipande kwenye kinamasi au ukingo wa msitu kwa sababu tu "ardhi iko bure".

Pesa ikitosha kitu kimoja tu

Wengi huniuliza waanze na mtambo wa bayogesi kwa sababu ndio unaopendeza kuonyesha wageni. Hapana. Makuti na mashazi hayahitaji pesa, yanahitaji toroli na mgongo, kwa hiyo yaanze leo. Shilingi ya kwanza iende kwenye shimo la vyumba vitatu: linalipa kwa sabuni ndani ya msimu na linakuepusha na kesi. Ya pili kwenye jiko lenye bomba. Bayogesi ya tatu, kama una ng'ombe wawili wanaolala nyumbani. Kipasua kokwa mwisho, na mkinunue kikundi.

Shimo langu nililichimba kwa siku nne na kijana mmoja. Mama wa kidimbwi alikuja siku ya pili kuangalia kina chake, akasema liongezwe futi moja. Tuliongeza.